Mtandazo wa Nakiete na Viazi vya Namsifu

Kale, wajukuu, kale ile jogoo alipokuwa bado anaomba ruhusa kabla ya kuwika. Mpo? Kama mpo, sogeeni, msikanyagane, na mwenye chakula mdomoni akimeze kwanza, maana kuna mahali mtacheka na sitaki mtu apaliwe.

Aliyemwambia Nakiete kwanza habari ya mtandazo alikuwa shangazi yake, Namcharo. Alimwambia siku tatu kabla ya harusi, wamekaa wawili tu nyuma ya ghala, shangazi anamsuka na kumvuta kichwa huku na huku.

"Unakokwenda ni Vuneta," alisema Namcharo. "Kilima kimesimama kama ukuta. Kule ukiweka yai chini, unalikuta kwa jirani."

"Ndiyo, shangazi."

"Usiniambie ndiyo, nisikilize. Watakupa uga wako kwenye mteremko. Utakaa nao miaka miwili. Halafu watakuja bibi watatu na mitungi, wamwage maji juu ya uga, wachuchumae chini wayangalie yanavyotoka. Yakitoka mekundu, utaendelea kupika kwa mkweo. Yakitoka meupe, utapewa jiko lako mwenyewe."

"Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni mwiko kumwambia bibi arusi. Kwa hiyo na mimi sijakuambia. Inamisha kichwa."

Alipomaliza kusuka, alimpa furushi dogo lililofungwa kwa jani la mgomba. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mmea wa kutambaa, wenye majani ya mviringo, manene, madogo kama ukucha. Huo ndio mtandazo. Ulikuwa ukiota kwenye mawe ya msituni, penye unyevu. Kila kifundo cha mtandazo hutoa mizizi yake, na kila mzizi hushika ardhi kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni. Masika ni wa kijani, kiangazi ni wa kijani. Ukiukanyaga unanyanyuka tena.

"Panda huo," alisema shangazi, "na usimwambie mtu."

Sasa, Nakiete kutomwambia mtu halikuwa jambo gumu. Alikuwa binti mpole, mwenye aibu. Akiulizwa jina lake alitazama vidole vya miguu, kana kwamba limeandikwa huko. Neno lake kubwa lilikuwa "ndiyo." Ndiyo, baba. Ndiyo, mama. Ndiyo, shangazi. Akaolewa kwa ndiyo, akapanda kilima cha Vuneta kwa ndiyo, akaingia katika kiambo cha Mama Senkondo.

Mnamjua Mama Senkondo? Hamumjui, lakini mnawajua wa namna yake. Alikuwa mama mkwe wa kweli kweli. Hakuwa mtu mbaya, hapana. Alikuwa mtu wa upawa. Alilala na upawa wake chini ya mto, akaamka nao. Chungu chake kilikuwa chake, moto wake ulikuwa wake, na mkaza mwana aliyeingia jikoni mwake alikuwa mikono tu. Menya. Pepeta. Chochea. Ondoka hapo, unaniziba. Chakula kikiiva, anaonja mwenyewe, anatikisa kichwa mwenyewe, anasifu mwenyewe.

"Unaona ndizi hizi, Nakiete? Hakuna anayezipika hivi."

"Ndiyo, mama."

Na kweli hakuna aliyezipika hivyo, maana zilikuwa na moshi kuliko ndizi.

Nakiete hakuwa peke yake jikoni humo. Mama Senkondo alikuwa na watoto wawili wa kiume, na wote wawili walioa msimu ule ule. Mdogo, Senkondo, ndiye aliyemwoa Nakiete. Mkubwa alimwoa Namsifu. Namsifu, wajukuu zangu, alikuwa na mdomo. Nakiete akisema neno moja, Namsifu ameshasema kumi na mbili, na la kumi na mbili lilikuwa la kucheka. Wakagawiwa uga kila mmoja. Uga wa Namsifu juu, uga wa Nakiete chini yake, na kati yao mstari wa mawe tu.

Tena kulikuwa na sheria moja pale Vuneta. Katika kiambo kimoja, kwa mwaka mmoja, huwashwa jiko jipya moja tu. Moja. Basi fikirini wenyewe. Siku bibi wale watakapokuja, mmoja atapata jiko lake, na mwingine atabaki na Mama Senkondo, na upawa, na kazi za watu wawili. Nakiete alilifikiri hilo kila alipochochea moto ule usio wake, machozi yakimtoka. Watu walidhani ni moshi.

Akapanda mtandazo.

Alifungua furushi lake, akaukata mmea vipande vidogo vidogo, akavichomeka kwa mstari, akavimwagilia kwa kata, asubuhi kata moja, jioni kata moja. Namsifu alisimama juu ya mawe, mikono kiunoni, akimtazama.

"Mwenzangu, unapanda nini?"

"Majani."

"Nayaona. Yanazaa?"

"Hapana."

"Yanatibu?"

"Hapana."

"Yanaimba?"

Nakiete akatazama vidole vya miguu.

"Basi mimi ngoja nipande kitu cha watu wenye meno," akasema Namsifu. Akashusha mzigo wa marando ya viazi vitamu, akachimba matuta kwa fujo, akayafukia huku anapiga mluzi.

Lakini mnadhani Namsifu alipanda viazi hivyo hivyo tu? Hata. Naye alikuwa na mama yake, na mama yake naye alikuwa hajamwambia kitu, kama vile Namcharo alivyokuwa hajamwambia Nakiete. Mama yake alimnong'oneza hivi: "Watakuja bibi watatu. Wanatoka mbali, wanapanda kilima kizima, wanafika wana njaa. Atakayewashibisha kwa kitu cha uga wake ndiye atakayepewa jiko. Usiniulize nimejuaje." Basi kila mmoja alipewa nusu ya siri, na kila mmoja aliamini anayo nzima. Huo ndio ubaya wa siri za kusukiwa nywele. Anayekuambia anakumbuka lile lililompata yeye.

Viazi vikatambaa, mtandazo ukatambaa.

Viazi vilitambaa kwa mbio. Mwezi mmoja na nusu haujatimia, uga wa Namsifu ulikuwa umefunikwa wote, majani mapana, maua ya zambarau, na kuku akiingia humo hujui ametokea wapi. Mtandazo ulitambaa kama anayeenda kuomba radhi. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anafikiri. Kila asubuhi Namsifu aliinama juu ya mawe akauliza, "Umeamka?" Akiuuliza mmea, si Nakiete.

Viazi vikatambaa, mtandazo ukatambaa.

Masika yakaja. Namsifu akachuma matembele, akayaleta jikoni, Mama Senkondo akayapika, watu wakala. Akachimbua viazi, vikachemshwa, watu wakala. Akachimbua tena. Kila alipochimbua, mvua ilipiga pale palipo wazi, udongo ukateremka, Namsifu akaurudisha kwa ungo huku analaani. Kwa Nakiete hakuna kilichoteremka. Mtandazo ulikuwa umeshashikana, umekuwa mkeka mmoja, na mvua ikiugonga inatulia, inapita polepole, inatoka chini kama maji ya kunywa.

Kiangazi kikaja. Marando yakanyauka, yakawa kamba za njano, uga wa Namsifu ukaonekana mbavu. Mtandazo ulibaki vile vile, kijani, tena ukatoa vijiua vyeupe. Wapita njia walisimama kuutazama. Hata Namsifu alikuja jioni moja akakaa juu yake bila kukaribishwa, akanyoosha miguu.

"Ni laini," akasema. "Lakini hauliwi."

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Maana mwaka ule wa kwanza ndizi zilikuwa chache, na kila uga ulitoa ulichokuwa nacho. Mama Senkondo alisimama mlangoni siku moja, upawa mkononi.

"Nakiete, uga wako mzuri sana."

"Ndiyo, mama."

"Basi niletee bakuli moja la huo uzuri tuchemshe."

Namsifu alicheka mpaka akashika ukuta. Nakiete akaenda, na mnajua alichofanya? Aliuchuma kweli. Alichuma bakuli zima la mtandazo, akauosha mara tatu, akauleta, akausimamia mpaka ukaiva. Mama Senkondo akaonja. Akakaa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kisha akatoka nje kwa heshima, akatema nyuma ya nyumba, akarudi akasema, "Mpe mbuzi." Mbuzi akanusa, akamtazama Nakiete kwa huruma, akaenda kula kamba iliyomfunga.

Mnacheka. Ninyi mngepanda kipi? Wewe viazi, najua, nakuona tumbo. Na wewe? Haya, ngojeni.

Mwaka wa pili ukaisha. Masika yalikuwa yamelowesha ardhi siku saba mfululizo, na siku ya nane jua likatoka. Ndipo bibi watatu walipoonekana wakipanda kilima, kila mmoja na mtungi kichwani. Aliyetangulia alikuwa Bibi Sangiwa, mkubwa wao, mkavu kama kuni, mwenye macho yasiyopepesa. Nyuma yake walikuja wawili wanene wanaohema.

Nakiete aliwaona. Alikimbia kwenye uga wake, akaondoa jani moja lililodondoka, akasimama pembeni. Maji yatatoka meupe, alijua. Aliyajua yale maji kama anavyojua mkono wake.

Bibi wakatua mitungi juu ya kiambo, wakaketi. Hawakumwaga. Wakaketi tu. Mmoja wa wale wanene akajifuta jasho, akasema, "Tumepanda kilima."

Mwenzake akasema, "Kilima kirefu."

Bibi Sangiwa akasema, "Mitungi haimwagwi na wenye njaa. Mmetupandia nini?"

Nakiete akautazama mtandazo wake. Hakuna aliyemwambia hilo. Namsifu tayari alikuwa na jembe mkononi, anang'aa uso mzima. Akaingia kwenye uga wake, akachimbua kuanzia juu mpaka chini, hakubakiza tuta. Akatoa viazi vikubwa kama vichwa vya watoto wachanga, akatoa vidogo, akatoa vyekundu, akavirundika. Mama Senkondo akavichemsha. Bibi wakala. Wakamenya, wakapuliza, wakala. Wale wawili wakaombana vya mwisho.

"Jiko lina mwenyewe," akasema mmoja, akilegeza mkanda.

Namsifu akamkonyeza Nakiete. Nakiete akatazama vidole vya miguu, na safari hii hakuviona vizuri.

Kisha Bibi Sangiwa akainuka, akapangusa mikono. "Sasa maji."

"Maji gani?" akauliza Namsifu.

Bibi wakasimama juu kabisa ya mteremko, juu ya uga wa Namsifu, wakainamisha mitungi yote mitatu kwa pamoja. Maji yakateremka. Yakaingia kwenye uga uliochimbuliwa muda ule ule, udongo umelala wazi kama godoro lililopasuka, yakaunyanyua, yakauchukua. Yakawa mekundu. Yakawa mazito. Yakafika kwenye mstari wa mawe yamekuwa uji, na Namsifu ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Yakaruka mawe, yakaingia kwenye mtandazo wa Nakiete.

Hapo yakapotea. Watu wote wakateremka chini ya kiambo, wakachuchumaa, bibi na wenyeji, wakingoja. Wakangoja. Mmoja wa wale wanene akaanza kusinzia kwa shibe. Kisha chini ya ukingo wa mtandazo likatokea tone. Likafuata lingine. Ukawa uzi mwembamba wa maji, na Bibi Sangiwa akakinga kata, akaiinua juani, akatazama ndani.

Meupe. Ungeona chini ya kata.

"Ya nani haya?" akauliza.

"Ya kwangu," akasema Namsifu. "Yalianza kwangu. Na viazi vya kwangu. Mmekula, hamkusema ni vibaya."

"Yalitoka kwako mekundu, binti."

"Kwa sababu nilichimba niwalishe ninyi. Ningewapa majani ya huyu, mngekuwa mmelala mmeshika matumbo."

Bibi Sangiwa akamgeukia Nakiete. "Na wewe umetulisha nini?"

Nakiete akatazama vidole vya miguu.

"Basi," akasema Bibi Sangiwa. "Jiko linataka vitu viwili, cha kupika na maji ya kupikia. Huyu ana kimoja, huyu ana kimoja. Hakuna mwenye viwili. Tutarudi mwaka kesho."

Mama Senkondo akashusha pumzi, akauchukua upawa wake. "Haya, wanangu," akasema kwa furaha asiyoificha vizuri. "Kuna masufuria ya kuosha."

Sikilizeni sasa. Nakiete aliuangalia ule upawa. Akauona mwaka mzima mwingine umesimama mbele yake, menya, pepeta, chochea, ondoka hapo. Akamwangalia Namsifu, aliyemcheka miaka miwili, aliyeuamsha mtandazo wake kila asubuhi kwa dhihaka. Alichotaka ni jiko lake peke yake. Aliona wazi kwamba hilo halipo tena. Kilichokuwepo kilikuwa kingine, na hakukipenda sana, lakini kilikuwa karibu.

Akainua uso.

"Bibi," akasema. Watu wakageuka kutafuta nani amesema. "Mmemwaga mara ngapi?"

"Mara moja," akasema Bibi Sangiwa.

"Hamkumwaga kwake peke yake mkatazama. Wala hamkumwaga kwangu peke yangu mkatazama."

"Hapana. Kiambo kimoja humwagiwa mara moja. Ndivyo ilivyo."

"Basi kwenu sisi ni uga mmoja," akasema Nakiete. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka. "Uga mmoja umewapa viazi juu, na umewapa maji meupe chini. Vitu viwili. Jiko ni moja. Mtupe sote."

Bibi Sangiwa hakupepesa macho. Yule aliyesinzia akaamka.

"Ngoja," akasema Namsifu. "Mimi na huyu? Jiko moja?"

"Au wewe na mama," akasema Nakiete.

Namsifu akamtazama Mama Senkondo. Akautazama upawa. Akarudi kumtazama Nakiete.

"Mimi na huyu," akasema.

"Mtagombana," akasema Bibi Sangiwa.

"Sana," akasema Namsifu. "Huyu hajui hata kutania. Lakini mnaona maji yangu yanavyokuwa nikichimba. Lazima niwe na mtu chini yangu."

"Mimi siko chini yako," akasema Nakiete.

"Uga, nasema. Uga. Ona, ameshaanza."

Bibi Sangiwa akacheka, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka, hata wale wenzake wawili walishtuka. Akayanywa yale maji ya kwenye kata yote, akaigeuza kata chini kuonyesha imeisha, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Jioni ile ile wanaume wa kiambo wakabeba mafiga matatu, wakayaweka kwenye kibanda kipya pembeni mwa mstari wa mawe, nusu juu, nusu chini.

Na tangu hapo, wajukuu, wanawake wa Vuneta huweka viazi juu ya mteremko na mtandazo chini yake. Viazi ni vya tumbo, lakini lazima uvunje ardhi kuvipata. Mtandazo hauvunji kitu wala hauongezi kitu kwenye chungu, ila unakuwekea ardhi ya kupandia mwakani. Msiniulize tena kipi bora. Mimi nawaambia hivi: mtu anayekulisha na mtu anayekutunzia, wote wawili wanakudai shukrani, na huyo wa pili usimsahau kwa sababu hapigi kelele. Na wewe usiyepiga kelele, siku yako ikifika, sema. Nakiete angenyamaza siku ile, angekuwa anaosha masufuria hadi leo.

Imebaki asubuhi yake. Msilale.

Asubuhi iliyofuata, Namsifu alienda kuchota maji, na Nakiete akawasha moto kwenye mafiga mapya. Aliuwasha kwa mkono wake, akapuliza mwenyewe, akainjika uji. Haujachemka, akasikia hatua. Mama Senkondo huyo, ameamka kwenye jiko lisilo na watu, amekuja na upawa wake. Akaingia bila hodi, akafunua chungu, akautumbukiza upawa.

"Umezidisha maji," akasema. "Sogea nikuonyeshe."

Nakiete hakusogea. Hakutazama vidole vya miguu. Aliuchukua upawa taratibu kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mzigo wa mgeni, akauegemeza ukutani. Kisha akavuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa upande wa kanga, akakiweka karibu na moto, mahali pazuri ambapo moshi haufiki.

"Karibu, mama," akasema. "Hapa wewe ni mgeni. Kaa, utaletewa."

Mama Senkondo akautazama upawa wake pale ukutani, akaketi. Na kisa nacho kikaketi hapo hapo. Anayekitaka akiinue, akipeleke kwao, na akikifikisha kimepungua, asiseme alikitoa kwetu.